Shajara ya mradi: konokono wa katikati ya ufuo

Wiki ya 1

Mradi huu unamhusu konokono mdogo wa miamba ya Atlantiki ya Kaskazini, Littorina saxatilis, na swali lake ni hili: inakuwaje wanyama wa spishi moja, wanaoishi ufuo mmoja na kupandana bila kizuizi cha wazi, wawe na maumbile mawili tofauti katika umbali ambao mtu huutembea kwa dakika moja? Tunafanyia kazi pwani ya magharibi ya Uswidi, ambako tofauti hiyo huonekana hata kwa macho. Kwenye ghuba zilizojikinga, penye mawe yaliyolundikana na kaa wengi wa spishi Carcinus maenas, konokono huwa mkubwa, gamba lake nene na mlango wake mwembamba, naye ni mwoga, kwa maana ukimgusa hujifungia ndani na kukawia kuchungulia. Kwenye ncha za miamba zinazopigwa na mawimbi, ambako kaa ni nadra, konokono huwa mdogo, gamba lake jepesi, na mlango wake mpana huruhusu mguu mkubwa wa kung'ang'ania jiwe. Huyu akiguswa hutoka tena upesi, kwa sababu anayechelewa kushika mwamba husombwa na wimbi linalofuata. Watafiti huziita aina hizi ekotaipu ya kaa na ekotaipu ya mawimbi, na katika shajara hii nitaandika K na M.

Jambo linalomfanya konokono huyu awe mwafaka kwa utafiti wa jenetiki ni uzazi wake. Hatagi mayai juu ya mwani kama jamaa zake wengine wa jenasi hiyo, wala watoto wake hawaelei baharini kama viluwiluwi. Jike hubeba vitoto ndani ya mfuko ulio chini ya gamba, akavitoa vikiwa tayari na magamba yao. Mtoto huanza maisha pale pale alipo mama yake, na konokono mzima naye hasafiri zaidi ya mita chache. Kwa hiyo kila kipande cha ufuo kina nafasi ya kujijengea mchanganyiko wake wa aleli, yaani namna tofauti za jeni moja, kabla haujafutwa na wageni. Nadhani hii ndiyo sababu pia wataalamu wa zamani walichanganyikiwa: tangu Olivi alipomwelezea mwaka 1792 kutokana na konokono wa eneo la Venice, mnyama huyu amepewa majina ya kisayansi zaidi ya 100, kila mmoja akidhani ameokota spishi mpya.

Wiki ya 2

Tulishuka ufuoni na ndoo mbili, moja imeandikwa K na nyingine M, na kwa muda wa saa tatu tukawa tunaokota na kuamua papo hapo: huyu mnene, ndoo ya K, huyu mdogo mwenye mlango mpana, ndoo ya M. Kati ya ghuba ya mawe na ncha ya mwamba kulikuwa na konokono wasiojieleza, ukubwa wa huku na mlango wa kule, na hao tuliwarudisha walikotoka kwa kuona kwamba wangetuchafulia data. Nilijiona mwangalifu kweli kweli.

Jioni msimamizi wangu alipitia daftari, akauliza swali moja tu: "Wa katikati wako wapi?" Nilipomweleza kwamba tumewarudisha, alilifunga daftari polepole, akaniambia nikasome kuhusu miteremko ya aleli kabla ya kukanyaga tena ufuo.

Wiki ya 3

Nimesoma, na kosa langu nimelielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Mpango wetu ulikuwa kulinganisha miisho miwili: kuchukua alama nyingi za herufi moja katika DNA, kupima jinsi marudio ya kila alama, yaani ni sehemu gani ya konokono wanayo, yanavyotofautiana kati ya K na M, kisha kuzikamata zile zinazotofautiana kupita kiasi. Njia hiyo ni ya heshima. Lewontin na Krakauer waliiwekea msingi wa kitakwimu mwaka 1973. Lakini alama inaweza kutofautiana sana kwa bahati tu ya vizazi, au kwa sababu imekaa mahali kwenye kromosomu ambapo DNA huchanganyika kwa nadra, bila uteuzi asilia kuwa na neno nayo moja kwa moja. Isitoshe, sisi tulikuwa tumewagawa konokono kwa umbo lao, kisha tukataka kuziuliza jeni kama zinaendana na umbo, jambo ambalo ni sawa na kumhoji shahidi uliyekwisha kumnong'oneza majibu.

Mteremko huuliza swali lingine. Tuseme unatembea kutoka ghubani hadi kwenye ncha ya mwamba ukiandika, kwa kila hatua, ni sehemu gani ya konokono walio na aleli fulani. Ikiwa aleli hiyo haina faida wala hasara popote, mstari wako utashuka taratibu mno au hautashuka kabisa. Ikiwa inasaidia upande mmoja na kudhuru upande wa pili, mstari utabaki juu, utaporomoka ghafla karibu na mpaka wa mazingira, kisha utabaki chini. Haldane alionyesha mwaka 1948 kwamba upana wa poromoko hilo unabeba habari yenyewe: huongezeka kwa kadiri wanyama wanavyosafiri kati ya kizazi na kizazi, na hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha nguvu ya uteuzi. Maana yake ni kwamba mteremko wenye upana wa nusu unadai uteuzi wenye nguvu mara nne, ikiwa mwendo wa wanyama ni ule ule. Upana huo hupimwa katikati, mahali nilipowarudisha konokono majini. Nilichobakiza ni ncha mbili za kamba, bila kujua imekunjika wapi.

Konokono wa ndoo mbili hawatatupwa. Watatumika kujaribia njia ya kutoa DNA, na nilikuja kushukuru kwamba tunao.

Wiki ya 5

Ukusanyaji wa pili umekamilika. Safari hii hakuna aliyeamua chochote kuhusu umbo. Tuliweka mstari kutoka ndani ya ghuba hadi kwenye ncha ya mwamba, tukaokota kila konokono mzima tuliyemwona karibu na mstari huo, na kila mmoja aliingia kwenye kichupa chake chenye namba, na mahali pake pakaandikwa kwenye kumbukumbu. Mahali penyewe palipimwa kwa chombo cha wapima ardhi: mtu mmoja anasimama na chombo juu ya miguu mitatu, mwingine anashika fimbo yenye kioo pale konokono alipookotwa, na chombo kinaandika sehemu hiyo kwa pande zote tatu, kimo pamoja. Kazi ni ya kuchosha mgongo, na fimbo iliwahi kuteleza kwenye mwani ikatulazimu kupima upya sehemu nzima, lakini sasa nina konokono wenye anwani.

Hali ya maji inastahili kuandikwa kwa ajili ya atakayerudia kazi hii. Katika pwani hii maji hujaa na kupwa kwa kimo kidogo sana, hata anayezoea pwani zenye bamvua kubwa anaweza kudhani bahari imesimama. Kinachoamua ni mgandamizo wa hewa na upepo: hewa ikiwa nzito kwa siku kadhaa, bahari hushuka na mwamba huachwa wazi, dhoruba ikija kutoka magharibi, maji hupanda na ukanda mzima hufunikwa. Kwa hiyo tunatazama utabiri wa hewa na kuacha jedwali la maji kabatini.

Jambo moja dogo limenisumbua kuliko nilivyotarajia, nalo ni umbali. Ufuo haukunyooka. Ukichukua umbali wa mstari ulionyooka kati ya konokono wawili waliokaa pande mbili za kijito cha bahari, hesabu itakuambia ni majirani, ilhali konokono mwenyewe hakati maji. Huzunguka juu ya mwamba. Tumeamua kukokotoa njia fupi kabisa inayopita juu ya jiwe, kisha kuunyoosha ufuo wote kuwa mstari mmoja wa namba. Nimefanya hesabu kwa njia zote mbili, na konokono kadhaa wa kijito hicho walihama upande mzima wa mchoro.

Wiki ya 7

Ute. Nitaandika neno hilo peke yake kwanza kwa sababu limekula wiki mbili. Konokono huteleza juu ya ute wa sukari ndefu zilizofungamana na protini, na sukari hizo hufuatana na DNA hatua kwa hatua hadi mwisho wa usafishaji. Katika jaribio la kwanza kilichobaki chini ya kichupa kilikuwa kama gundi ya wanga iliyopoa, ukikigusa kwa ncha ya pipeti kinavutika kama uzi. Mashine ya kupima mwanga ilitoa jibu lenye sura mbili: uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 ulikuwa mzuri, karibu 1.8, dalili kwamba protini zimetoka. Lakini uwiano wa 260 kwa 230, ambao kwa DNA safi huwa karibu 2, ulikuwa chini mno. Mtu akiangalia namba ya kwanza pekee ataendelea kwa furaha, na kimeng'enya chake kitagoma katika hatua inayofuata bila kumweleza sababu.

Tulihamia kwenye njia ya CTAB, kemikali ambayo pamoja na chumvi nyingi huzishikilia sukari hizo wakati DNA inabaki kwenye maji, kisha klorofomu hutenganisha tabaka. Konokono wa ndoo mbili ndio waliotolewa mhanga hadi njia ikakaa sawa. Mambo matatu yaliyosaidia ni kukata kipande kidogo zaidi cha nyama, kusafisha kwa klorofomu mara mbili, na kutovuta kamwe maji ya mpakani kati ya tabaka mbili hata kama inauma kuyaacha.

Kuhusu nyama yenyewe, tunakata mguu tu. Utumbo una mwani, na tezi ya mmeng'enyo mara nyingi ina minyoo bapa ambayo humfanya konokono awe tasa. DNA yao huingia kimya kimya. Kwa jike hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mfuko wa uzazi umejaa vitoto. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa ubaba uliokuta kwamba vitoto vya jike mmoja wa spishi hii vilikuwa na baba kati ya 15 na 23. Anayekata ovyo, basi, hupeleka kwenye mashine kijiji kizima kwa jina la mama mmoja.

Taarifa hiyo imevunja pia mpango wangu wa siri, ambao ulikuwa kutumia vitoto vya kila jike kama familia moja. Ndugu wenye baba 20 si familia ninayoihitaji. Itabidi tulee majike kutoka utotoni peke yao hadi wakomae, ndipo tuwakutanishe na dume mmoja mmoja, na hilo ni jambo la miezi mingi.

Wiki ya 8

Sampuli zimepangwa kwenye sahani za vishimo 96. Nilikuwa nimeanza kuzipanga kwa mfuatano wa ufuo, ghuba kwenye sahani ya kwanza na mwamba kwenye ya mwisho, kwa kuwa ilipendeza macho. Mwenzangu wa maabara aliniuliza nitajuaje tofauti ya sahani na tofauti ya konokono. Nimezipanga upya kwa kura.

Wiki ya 11

Data ya herufi za DNA imerudi, na siku mbili za mwanzo nilizitumia kutafuta kosa ambalo halikuwapo.

Nilichora uchanganuzi wa viambajengo vikuu, mchoro unaowaweka karibu konokono wenye DNA zinazofanana, kromosomu baada ya kromosomu, kwa kuwa konokono huyu ana jozi 17 za kromosomu na ramani ya jenetiki yake ipo. Kwenye kromosomu nyingi konokono walijipanga kama wingu moja lililonyooka kidogo kutoka K kwenda M, kama ilivyotarajiwa. Kwenye chache walijigawa katika mafungu matatu yenye nafasi tupu kati yao. Wazo langu la kwanza lilikuwa sahani. Nikapaka rangi kwa sahani, rangi zikachanganyika vizuri katika mafungu yote. Wazo la pili lilikuwa uchafu wa sampuli. Nikahesabu herufi zilizokosekana, zikawa sawa kila fungu. Ndipo nilipopima ni konokono wangapi katika kila fungu wana aleli mbili tofauti kwenye alama moja, nikaona fungu la kati limewazidi wenzake kwa mbali. Mafungu mawili ya pembeni ni wenye nakala mbili za namna moja, na la kati ni wenye moja ya huku na moja ya kule. Yaani sehemu kubwa ya kromosomu inarithiwa kama herufi moja.

Hiyo ni alama ya mpinduo: kipande cha kromosomu kilikatika sehemu mbili, kikageuka kichwa chini miguu juu, kikaunganika tena. Sturtevant alithibitisha jambo hili kwa inzi wa matunda mwaka 1921. Mnyama mwenye nakala moja iliyogeuka na moja ya kawaida ni mzima, lakini ndani ya kipande hicho kromosomu zake mbili hazibadilishani DNA ipasavyo, kwa kuwa mabadilishano ya kawaida huzaa kromosomu zenye mapengo na sehemu zilizorudufiwa. Matokeo yake ni kwamba aleli zilizomo husafiri pamoja kama abiria waliofungiwa behewa moja. Kwa konokono wetu si habari mpya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta mipinduo mingi ya aina hiyo kwenye eneo la mpaka kati ya K na M katika pwani hii hii. Ni tofauti, hata hivyo, kuisoma kwenye makala na kuiona ikijitokeza kwenye konokono uliyemwokota mwenyewe.

Kwenye kromosomu moja mafungu yalikuwa sita. Nilianza kulalamika, kisha nikahesabu: mpangilio ukiwa wa namna mbili, jozi zinazowezekana ni tatu; ukiwa wa namna tatu, ni sita. Pale, basi, tuna mipinduo miwili inayogusana au kupishana.

Sababu ya mipinduo kuhusika na mazingira imeelezwa vizuri na nadharia ya Kirkpatrick na Barton ya mwaka 2006. Pale wahamiaji wanapoingia kila kizazi, aleli ya gamba nene na aleli ya woga, kama ziko mbalimbali, hutenganishwa na uchanganyaji na kuishia ndani ya mwili usiozihitaji. Mpinduo unaozikamata pamoja huzilinda zisitenganishwe, na kwa hilo peke yake unaweza kuenea, hata kama kugeuka kwenyewe hakukuunda aleli yoyote mpya.

Hapa sina budi kuandika malalamiko yangu. Nilikuja kutafuta jeni ya gamba. Ndani ya mpinduo kila alama ina mteremko ule ule, wenye katikati ile ile na upana ule ule, kwa hiyo siwezi kusema ni ipi inayoteuliwa na ipi imepanda behewa bure. Kadiri uteuzi ulivyozifunga jeni hizo vizuri ndivyo ulivyonificha majina yake.

Wiki ya 13

Miteremko imelinganishwa. Mipinduo kadhaa ina poromoko la wazi. Mingine ipo katika marudio yanayokaribiana pande zote mbili, na huko sioni dalili ya K na M. Nimejifunza kutowaambia watu kwamba "mipinduo inasababisha ekotaipu", kwa kuwa hata kwenye ufuo wetu si yote.

Mteremko mmoja ulinitega. Ulikuwa mzuri kupita kiasi hadi nilipowatenganisha madume na majike, ukageuka kuwa miwili isiyofanana. Utafiti wa mwaka 2022 ulieleza kwamba kwenye kromosomu ya 12 mipinduo inafungamana na jinsia, na kwamba ufungamano huo haufanani kati ya ekotaipu mbili. Kwa kuwa sikuwa nimehakikisha uwiano wa jinsia ufuoni kote, sehemu ya "mazingira" yangu ilikuwa jinsia tu. Hesabu zote za kromosomu hiyo zimerudiwa kwa kila jinsia peke yake.

Swali la unyumbufu, yaani umbo kubadilishwa na mazingira tu, bado liko wazi. Harufu ya kaa ndani ya maji inajulikana kuwafanya konokono wa jenasi hii wakuze gamba nene zaidi, bila badiliko lolote la DNA. Vitoto vya pande zote mbili sasa vinalelewa kwenye maji yale yale, chakula kile kile, baadhi wakiwa na kaa aliyefungiwa nyuma ya wavu na wengine bila. Vitoto vya M vilivyozaliwa hapa bado vina mlango mpana kuliko vya K, jambo linaloashiria urithi, ila ni mapema kugawa tofauti hiyo kati ya jeni na harufu. Havizidi punje ya mtama na hupanda kuta za chombo hadi nje ya maji. Kila asubuhi naanza kazi kwa kuvirudisha kwa brashi ya rangi.

Wiki ya 14

Tumejiwekea kipimo cha nje. Mwaka 1988 mwani wenye sumu uliua konokono wa visiwa vidogo vya miamba katika eneo hili, na mwaka 1992 mtafiti Kerstin Johannesson alipeleka konokono wapatao 700 wa aina ya K kwenye kisiwa kimojawapo kilichoachwa tupu na kinachopigwa na mawimbi. Matokeo ya takribani miaka 30 yalichapishwa mwaka 2024: wazao wao wamekuwa na umbo la M, na marudio ya mipinduo yamesogea kuelekea yale ya M. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na aleli zilizokuwa zimejificha kwa uchache ndani ya konokono waliopelekwa, pamoja na nyingine zilizoingia na wahamiaji wa jirani. Mpinduo ulio kwenye orodha yetu ambao pia ulisogea kule naupa uzito. Ule usiosogea naurudisha kwenye penseli.

Kilichobaki ni jambo la mahali. Miteremko mitatu yenye poromoko kali haina katikati moja na mpaka wa mawe na mwamba. Yote mitatu imesogea upande wa ghuba. Huenda M wanasukuma kuingia ghubani, au huenda mpaka niliouchora kwa macho siku ya kwanza sio mpaka anaouona konokono, kwa kuwa kaa hutambaa hadi pale mawe yanapokuwa na nafasi ya kujificha, na mimi nilichora mstari pale mawe yanapoanza kuonekana. Kabla ya kutoa maelezo ya kijanja tutahesabu mawe na mianya kila mita, na tutaongeza konokono katika kipande hicho hicho tulichowahi kukiacha. Utabiri unaonyesha hewa nzito kuanzia Alhamisi. Vichupa vimekwisha kuandikwa namba.